Viatu vya magurudumu: Mzazi, tazama ardhi kabla ya kutazama kiatu

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, mama mmoja wa Musoma alitoka sokoni Nyasho akiwa na kiroba kilichomlemea mkono. Ndani yake kulikuwa na jozi ya viatu vya magurudumu, vya mtumba, vyeusi na vizito kama viatu vya mgambo. Mtoto wake wa miaka 12 alikuwa akiviomba tangu likizo ya mwezi wa sita, baada ya kuona video za vijana wakiteleza navyo kwenye simu.

Mezani kwa muuzaji kulikuwa na jozi mbili. Ya kwanza ilikuwa na magurudumu makubwa, na mama akaona yatamkimbiza mtoto. Ya pili ilikuwa na magurudumu madogo, kiatu kikiwa karibu kabisa na ardhi. Akachukua ya pili.

"Hivi haviko juu sana. Hata akianguka, hataumia," alimwambia muuzaji.

Siku hiyo mambo yalikwenda vizuri. Mtoto alijifunzia barazani, juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa, mkono mmoja ukiwa ukutani. Jumapili saa kumi jioni alikuwa tayari anauachia ukuta. Marafiki wakamwita barabarani. Hakwenda kasi, na hakukuwa na gari wala bodaboda. Kulikuwa na kokoto moja tu juu ya lami, ndogo kama punje ya hindi. Gurudumu la mbele lilipoigusa, viatu vikasimama, mwili ukaendelea mbele. Akatanguliza mkono wa kulia.

Hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha mfupa umevunjika karibu na kifundo cha mkono. Alifungwa hogo. Mitihani ya mwisho wa mwaka ikamkuta hawezi kushika kalamu kwa mkono anaoutumia kuandika.

Mama alijilaumu kwa kununua viatu. Lakini kosa halikuwa kununua viatu, wala mtoto hakuwa mtundu kupita kiasi. Tatizo lilikuwa gurudumu lisiloendana na ardhi. Ni jambo ambalo mzazi anaweza kulipima mwenyewe kwa macho, rula na dakika tano, kabla hajatoa hela.

Kiatu kilichotengenezwa kwa kazi nyingine

Mwezi wa kumi na mbili, hogo likiwa limeshatolewa, mama alisafiri na watoto kwenda Bunda kwa kaka yake, ambaye ni fundi baiskeli, kabla ya kwenda Butiama kwa bibi yao kula sikukuu. Kile kiroba alikibeba. Alitaka kujua kama viatu vina ubovu ili aviuze au avitupe.

Fundi aliviweka juu ya benchi, akazungusha gurudumu moja moja, kisha akavigeuza.

"Dada, hivi ni vizima. Ila havikutengenezwa kwa ajili ya barabara."

Alimwonyesha dada yake alama tatu. Kwanza, magurudumu mawili ya katikati yalikuwa madogo kuliko ya mbele na ya nyuma, kiasi kwamba hayakugusa meza. Pili, kati ya hayo mawili fremu ilikuwa na mfereji wa plastiki ngumu. Tatu, kisigino hakikuwa na breki.

Viatu vya aina hii vilibuniwa kwa vijana wanaoruka ngazi na kuteleza juu ya vyuma vya kushikia na kingo za zege. Ule mfereji wa katikati ndio unaokaa juu ya chuma. Magurudumu ya katikati hufanywa madogo ili yasizuie mtelezo huo, na breki huondolewa kwa sababu ingejikwaa kwenye chuma. Mchezo wenyewe ulipata umaarufu mkubwa Marekani katika miaka ya 1990, na mwaka 1995 ulikuwa miongoni mwa michezo iliyofungua mashindano ya X Games. Kwenye boksi la viatu vipya vya namna hii mara nyingi huandikwa neno la Kiingereza Aggressive. Kwenye mtumba boksi halipo, hivyo mzazi abaki na zile alama tatu.

Kwa mtoto anayeanza, kiatu hiki kina mitego miwili. Kinasimamia magurudumu mawili tu badala ya manne, la mbele kabisa na la nyuma kabisa, hivyo magurudumu hayo mawili hubeba uzito wote. Pia hakina breki, kwa hiyo mtoto asiyefundishwa namna nyingine ya kusimama atasimama kwa kugonga ukuta, kushika mtu au kuanguka.

Ukubwa wa gurudumu

"Mimi niliona madogo ndiyo salama," mama alimwambia kaka yake.

"Wengi wanaona hivyo. Lakini toroli la kubebea zege umewahi kuliona likigonga jiwe? Linagoma palepale. Baiskeli inapita juu ya jiwe hilohilo, wewe unasikia mtikisiko tu."

Watoto waliowahi kutengeneza magari ya kuchezea kwa matairi ya kandambili wanalijua hili bila kufundishwa. Tairi dogo hukwama kwenye kijiti, kubwa hupita.

Hesabu yake ni rahisi. Kila gurudumu huandikwa ubavuni kipenyo chake kwa milimita. Magurudumu ya viatu vya kuruka kama vya kijana huyu huwa kati ya milimita 54 na 60 hivi. Viatu vya watoto vya mazoezi ya kawaida mara nyingi huwa na milimita 64 hadi 76, na vya watu wazima milimita 80 au zaidi. Vipo pia vyenye magurudumu matatu ya milimita 110 kila kiatu.

Sasa chukua kokoto yenye kimo cha milimita 10. Gurudumu la milimita 58 lina ekseli iliyo milimita 29 kutoka ardhini, na kokoto hiyo inafika theluthi ya kimo hicho. Gurudumu la milimita 80 lina ekseli iliyo milimita 40 juu, na kokoto ileile inafika robo tu. Kadiri kikwazo kinavyokaribia usawa wa ekseli, ndivyo gurudumu linavyokisukuma kama ukuta badala ya kukipanda. Gurudumu likigoma ghafla, miguu husimama na kichwa na mikono hutangulia.

Hii haina maana kwamba kubwa kabisa ndiyo bora. Gurudumu kubwa humwinua mtoto juu zaidi, hushika kasi haraka na huhitaji vifundo vya miguu vyenye nguvu. Mtoto wa miaka saba aliyevishwa magurudumu ya milimita 110 atakuwa juu ya kitu asichoweza kukituliza. Kwa mtoto anayeanza kwenye lami safi au zege la kawaida, milimita 70 hadi 80 ni pazuri pa kuanzia, kwa kutegemea ukubwa wa mguu. Madogo ya milimita 60 kushuka yabaki kwenye sakafu laini iliyofagiliwa.

Ugumu wa gurudumu

Pembeni ya kipenyo huwa kuna namba nyingine inayofuatiwa na herufi A, kwa mfano 82A au 90A. Huo ni ugumu wa mpira wa gurudumu. Namba ikipanda, gurudumu ni gumu zaidi.

Magurudumu ya viatu vya kuruka mara nyingi huanzia 88A kwenda juu. Ni magumu ili yasiliwe haraka na yateleze vizuri kwenye kingo. Juu ya lami yenye chembechembe kubwa, mtoto huhisi mtetemo kuanzia unyayo hadi meno, na gurudumu hushika kidogo kwenye kona. Ya viatu vya kawaida huwa kati ya 78A na 85A, na humeza mtetemo vizuri zaidi.

Namba zikiwa zimefutika, kama ilivyo kwa mitumba mingi, mzazi abonyeze gurudumu kwa ukucha wa kidole gumba. Lisilobonyea hata kidogo na linalolia kama plastiki likigongwa mezani ni gumu mno kwa mtoto anayejifunza, au limezeeka. Lenye nyufa au linalomeguka punje punje lisivaliwe kabisa. Mpira wa aina hii huharibika kwa umri na unyevu hata kama haukutumika, na linaweza kuachia vipande mtoto akiwa kwenye mwendo.

Fremu na nafasi kati ya bolti

Baada ya kusikia hayo, mama alikuwa na wazo moja: wanunue magurudumu makubwa wayafunge kwenye viatu vilevile. Fundi alichukua rula akapima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya bolti inayofuata.

Kipimo hicho ndicho kinachoamua. Kama nafasi kati ya bolti mbili ni milimita 62, gurudumu la milimita 72 haliingii, kwa sababu litagusana na jirani yake na yote mawili yatakwama. Lazima pia kuwe na nafasi kati ya gurudumu na soli ya kiatu. Anayelazimisha kwa kuchonga fremu anaidhoofisha mahali inapobeba uzito wa mtoto.

Kuna njia ya pili, nayo ni kubadilisha fremu nzima. Viatu vingi vya kuruka hufuata mpangilio mmoja wa matundu ya bolti chini ya soli, unaojulikana kwa herufi UFS, hivyo fremu ya kampuni moja hufungwa kwenye buti la kampuni nyingine. Zipo fremu za UFS zinazokaa magurudumu manne yaliyolingana, yote yakigusa ardhi, na nyingine hubeba hadi milimita 80. Kwa mzazi mwenye buti zima linalomtosha mtoto, hili linawezekana, ila fremu hizo hazipatikani kirahisi kwenye meza ya mitumba. Viatu vya kawaida vya watoto, kwa upande wao, mara nyingi fremu yake imepigwa ribiti na haibadilishwi kabisa.

Kwa hiyo mzazi anayetazama jozi ya mtumba apige ukaguzi huu kabla ya kuuliza bei:

Ashike buti kwa mkono mmoja na fremu kwa mwingine, akunje kwa nguvu. Ikicheza au ikilia, bolti zimelegea au plastiki imepasuka.

Atazame kiatu kwa nyuma kama anavyotazama rimu ya baiskeli. Magurudumu yote yawe kwenye mstari mmoja. Fremu iliyopinda itamvuta mtoto upande.

Azungushe kila gurudumu. Linalosimama mara moja au linalokwaruza lina beringi mbovu. Kila gurudumu lina beringi mbili, na zilizozoeleka ni namba 608, zenye kipenyo cha milimita 22. Namba hiyo hutumika kwenye mashine nyingine ndogo pia, kwa hiyo fundi au duka la beringi linaweza kuwa nayo. Kati ya beringi hizo mbili huwa kuna kipande kifupi cha bomba. Kisipotee, maana bila hicho bolti ikikazwa gurudumu hubana.

Afungue kila bolti walau mara moja kwa ile funguo ya pembe sita ambayo mafundi huiita alenki. Bolti iliyoliwa kichwa haitafunguka siku ya kuhitajika.

Mwisho, mtoto avae viatu akiwa na soksi, asimame wima. Vidole viguse mbele kidogo bila kujikunja, na akikunja magoti kisigino kisinyanyuke ndani. Kununua kikubwa "ili akue nacho" kunafaa kwa sare ya shule, hakufai hapa. Mguu ukicheza ndani ya buti, kifundo hulala pembeni na mtoto hawezi kuongoza gurudumu.

Ardhi tatu, majibu matatu

Safari ya familia hii ilipita kwenye ardhi za aina tatu, na kila moja ina jibu lake.

Musoma kuna baraza za saruji, vitofali vya pevingi na lami ya mitaani. Baraza iliyosuguliwa ndiyo mahali pekee ambapo vile viatu vyeusi vilikuwa nyumbani kwao. Pevingi ina mifereji kati ya tofali na tofali, na gurudumu dogo hugonga kila mfereji. Lami ya mtaa hubeba mchanga na kokoto kutoka barabara za vumbi zinazoungana nayo, hasa baada ya mvua kuteremsha udongo. Huko kunahitajika gurudumu la milimita 76 au 80, lisilo gumu sana, na ufagio.

Bunda imekaa juu ya barabara kuu ya kutoka Mwanza kwenda Musoma na Sirari. Lami yake huvutia macho ya mtoto mwenye magurudumu miguuni, lakini ndiyo lami ya mabasi na malori. Hakuna ukubwa wa gurudumu unaomlinda mtoto hapo, na jibu ni hapana. Bunda itafutwe sakafu: uwanja wa zege wa shule wakati wa likizo kwa ruhusa ya mwalimu, au ukumbi ambao mwenye nao amekubali. Kwenye sakafu ya ukumbi hata magurudumu madogo hufanya kazi.

Butiama kuna miinuko. Barabara inapanda na kushuka, na miji mingi ya watu ina ua wa udongo wenye mawe. Mteremko ni hatari kuliko kokoto, kwa sababu kasi huongezeka yenyewe, na mtoto asiye na breki hana cha kufanya. Udongo nao humeza gurudumu na vumbi huingia kwenye beringi. Vipo viatu vyenye matairi ya upepo ya milimita 125 au 150 kwa njia za vumbi, lakini ni ghali na si vya mtoto anayeanza.

Bibi wa Butiama alipoonyeshwa kile kiroba, alivitazama viatu kwa muda kisha akautazama mkono wa mjukuu wake.

"Mjukuu wangu, hapa kwetu hata mbuzi wanashuka kwa adabu. Acha hivyo humo ndani, njoo unisaidie kupukuchua mahindi, mkono upate nguvu."

Viatu vikabaki kwenye kiroba hadi siku ya kurudi Musoma. Bibi alikuwa sahihi juu ya mteremko.

Miji mingine ya Afrika Mashariki imepitia swali hilihili. Katika mtaa wa Kitintale jijini Kampala, vijana waliotaka kucheza kwa ubao wa magurudumu walijenga kwanza kiwanja chao cha zege, katikati ya miaka ya 2000. Nairobi, eneo la Kangemi, kipo kiwanja cha namna hiyo ndani ya kituo cha watoto cha Shangilia. Mbao hizo nazo zina magurudumu madogo na magumu. Wahusika hawakuanza kwa kutafuta gurudumu la miujiza. Walianza na sakafu.

Hela ya kinga itengwe kwanza

Mzazi mwenye shilingi za kununulia viatu tu, hana bado shilingi za kutosha. Kinga ya kifundo cha mkono, ya kiwiko, ya goti na kofia ngumu ni sehemu ya bei.

Katika orodha hiyo, kinga ya kifundo cha mkono ndiyo inayosahaulika zaidi, na kifundo ndicho kinachoumia zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la New England Journal of Medicine ulichunguza watu waliofikishwa kwenye vyumba vya dharura Marekani baada ya kuumia wakiwa na viatu vya magurudumu yaliyopangwa mstari. Theluthi hivi ya majeraha yalikuwa ya kifundo cha mkono, na robo ya majeraha yote yalikuwa kuvunjika kwa kifundo. Wasiovaa kinga ya kifundo walikuwa na uwezekano wa kuumia sehemu hiyo takriban mara 10 ya waliovaa.

Sababu ni namna binadamu anavyoanguka. Akipoteza mizani, hunyoosha mkono na kutua kwa kiganja, na uzito wote hupita kwenye kifundo kilichokunjwa nyuma. Kinga nzuri ina kipande kigumu upande wa kiganja. Kipande hicho huteleza ardhini na kuzuia kifundo kisikunjwe kupita kiasi. Kitambaa cha kuvuta tu, kama kile cha wachezaji wa mpira, hakifanyi kazi hiyo.

Kofia iwe ya baiskeli, saizi ya mtoto, na mkanda ubane chini ya kidevu. Kofia ya baba ya bodaboda ni nzito na inazunguka kichwani, hivyo humnyima mtoto kuona.

Mambo mawili yafundishwe kabla ya mtoto kuachia ukuta. La kwanza ni kuanguka: magoti yakunjwe, mwili ushuke, atue kwa kinga za magoti kisha za mikono, kwenye nyasi kwanza. La pili ni kusimama. Kama kiatu kina breki ya kisigino, aizoee. Kama hakina, ajifunze kuburuta mguu mmoja nyuma ukiwa umekaa kama herufi T. Mtoto asiyeweza kusimama kwenye alama ya chaki aliyowekewa bado hajafika wakati wa kutoka barazani.

Akianguka na mkono ukauma

Mkono uliovimba, uliopinda au usioweza kushika kitu uchukuliwe kuwa umevunjika hadi picha ithibitishe vinginevyo. Usivutwe wala kukandwa. Uwekwe juu ya ubao mwembamba au boksi gumu, ufungwe kwa kanga bila kukaza, kisha utundikwe shingoni na mtoto apelekwe kituo cha afya au hospitali. Pete na bangili zivuliwe mapema kabla uvimbe haujaongezeka.

Kwa mtoto, haraka hii ina sababu ya ziada. Karibu na kifundo kuna sehemu laini ya mfupa ambayo ndiyo inayoufanya urefuke. Ikiumia na kuachwa ijiunge yenyewe vibaya, mkono unaweza kukua umepinda au mfupi. Kufungwa kwa vijiti vilivyokazwa sana nyumbani ni hatari nyingine. Vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi baada ya kufungwa, damu haipiti vizuri. Hiyo ni dharura, hata kama mkono umefungwa hogo la hospitali.

Aliyegonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia isivyo kawaida, akachanganyikiwa au kupoteza fahamu hata kwa muda mfupi, asisubiri asubuhi.

Na aliyepona asirudi kwenye magurudumu siku hogo linapotolewa. Mfupa bado unaimarika na misuli imelegea. Daktari aulizwe tarehe, na mtoto aisikie mwenyewe kutoka kwa daktari.

Baada ya Pasaka

Kijana wa Musoma alirudi kwenye magurudumu baada ya Pasaka, daktari akiwa ameruhusu. Mjomba wake alikuwa amempatia jozi nyingine kutoka Mwanza, yenye magurudumu manne ya milimita 76 yaliyolingana na breki kwenye kisigino cha kulia. Mama alinunua kinga za mikono na kofia kwa hela aliyopata baada ya kuuza mahindi aliyopewa Butiama. Vile viatu vyeusi hakuvitupa. Vimebaki kwa ajili ya barazani tu, na kijana anajua mpaka wake ni ngazi ya mwisho.

Barabarani anaruhusiwa kipande kifupi cha mtaa usiopitiwa na magari, jioni, mtu mzima akiwepo. Kabla ya kufunga kamba, anavaa kinga, kisha anachukua ufagio wa chelewa na kufagia hatua ishirini za lami kwenda na kurudi. Siku za kwanza rafiki zake walimcheka. Sasa mmoja wao huja na ufagio wake.